Roho ikae mahali mwili uko

Mu nyumba nyingi za wafanyakazi wa migodi, ku Kolwezi, ku Fungurume, ku Likasi na ku Lubumbashi, siku haianzi tena na chai. Inaanza na telefoni. Mtu anafungua macho, anashika telefoni mbele ya kumwamkia bibi yake, na kwa dakika tano tu amekwisha kusikia vita, mazungumzo yaliyovunjika, mabishano juu ya Katiba, na kampuni fulani ambayo "itafukuza watu mwezi huu". Halafu anavaa viatu vya kazi, anapanda gari. Mwili unaenda ku kazi. Roho inabaki mu ile telefoni.

Hatusemi kwamba habari hizi ni za bure. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 Goma ilianguka, na katikati ya mwezi wa pili Bukavu ikafuata. Wengi wetu tuko na ndugu kule. Tarehe 22 ya mwezi ule wa pili, serikali ilisimamisha kobalti isitoke inje ya inchi kwa miezi 4. Mu mwezi wa sita ikaongeza miezi 3. Na tangu tarehe 16 ya mwezi wa kumi, kila kampuni inapewa kipimo cha kobalti inachoweza kutosha. Inchi yetu inatoa zaidi ya 70 kwa mia ya kobalti ya dunia nzima. Basi anayechimba, anayeosha mawe, anayepakia, na mama anayeuza bukari pembeni ya depo, wote waliulizana swali moja: "Kesho tutakula nini?" Ni swali la haki.

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo moja: namna gani mtu anaweza kujua haya yote, na bado alale usingizi, afanye kazi bila kuumia, acheke na watoto wake, na asimchukie jirani.

Woga unafanya nini mu mwili

Mtu akisikia habari mbaya, mwili wake hauulizi kama ile hatari iko karibu ao mbali. Moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, mabega yanapanda, tumbo linakazana. Mwili unajitayarisha kukimbia ao kupigana. Kama ni nyoka mu njia, ni msaada mkubwa. Lakini kama ni sauti imetumwa ku WhatsApp juu ya jambo lililo zaidi ya kilometa 1000, mtu atakimbia wapi? Atapigana na nani? Ile nguvu inabaki ndani. Inageuka hasira, kichwa kinauma, usingizi unakataa. Wengine wanatafuta usingizi mu lutuku, na asubuhi wanaamka wamechoka kupita jana.

Mu mgodi jambo hili ni hatari kabisa. Mchimbaji mzee anajua kwamba udongo unasemaka mbele ya kuanguka: mawe madogo yanadondoka, ukuta unalia kidogo, vumbi linashuka pasipo mtu kugusa. Mwenye kichwa kimejaa siasa hasikii. Dereva wa gari kubwa la mawe anaangalia njia, lakini haioni. Fundi anafunga mshipi wake vile amezoea, hauangalii mara ya pili. Hakuna mwanasiasa atakayekuja kumwambia bibi yake kwamba siku ile bwana alikuwa anawaza mambo ya Kinshasa.

Kumi na tatu chini ya mlima

Dawa tunayotaka kuisimulia Wafaransa wanaiita "pleine conscience". Kwa lugha yetu tunaweza kusema: roho ikae mahali mwili uko. Unapumua, unajua unapumua. Unakula, unajua unakula. Wazo la kesho likikuja, unaliona, unaliacha lipite, unarudi ku pumzi yako. Mwanzo wake ni wa zamani sana, kwa watawa wa dini ya Buddha kule Asia. Lakini tuanze na habari ambayo watu wa shimo wataelewa mara moja.

Tarehe 23 ya mwezi wa sita 2018, ku inchi ya Thailand, vijana 12 wa timu ya mpira na mwalimu wao, Ekkapol Chantawong, waliingia mu pango la Tham Luang. Mvua ikanyesha, maji yakaziba njia nyuma yao. Walikaa siku 9 mu giza, pasipo chakula, wakinywa maji yanayodondoka ku mawe, mbele wazamiaji wawili hawajawaona. Yule mwalimu aliishi miaka mingi kwa watawa. Mu lile giza aliwafundisha wavulana wale kukaa kimya na kufuata pumzi zao, woga usiwamalize. Na hawakukaa tu: walipokezana kuchimba ukuta kwa mawe, wakitafuta njia. Ilipofika tarehe 10 ya mwezi wa saba, wote 13 walikuwa wametoka wazima. Mzamiaji mmoja, Saman Kunan, alikufa mu kazi ile ya kuwaokoa.

Mambo mawili yaende pamoja mu kichwa chetu: walipumua, na walichimba. Mwenye kutulia ana nguvu ya kuchimba. Mwenye kupiga makelele anaimaliza nguvu yake mbele ya wakati.

Wakati wa vita, mtu anaosha sahani

Sasa tusemi siasa yenyewe. Mtu aliyeitangaza njia hii sana mu dunia ya leo hakuifundisha mu nyumba yenye amani. Ni mtawa wa Vietnam, jina lake Thich Nhat Hanh. Mu miaka ya 1960, bomu zilipokuwa zikianguka ku vijiji, yeye na wenzake walianzisha shule ya vijana wa kusaidia watu. Vijana wale walijenga upya nyumba zilizovunjwa, walifungua shule ndogo na mahali pa kutibia wagonjwa. Hawakutaka kushika bunduki ya upande wowote. Kwa hiyo pande zote mbili ziliwashuku, na wengine kati yao waliuawa.

Mwaka 1966 alienda inje kuomba amani, na akazuiwa kurudi kwao. Alirudi kutembea tu mwaka 2005. Mwaka 1967 Martin Luther King aliandika kuomba apewe Nobel ya amani. Yeye, akiwa mbali, aliendelea kuwaandikia wale vijana. Na aliwafundisha nini, watu waliokuwa wakizika wenzao? Kazi ndogo za kila siku: kuosha sahani kwa roho yote, kutembea polepole, kunywa chai pasipo kukimbilia jambo lingine. Alijua kwamba mwenye kubeba huzuni ya inchi nzima bila kupumzika, atavunjika, na akivunjika hatajengea mtu nyumba.

Mwaka 1979, daktari wa elimu Jon Kabat-Zinn aliipeleka njia hii mu hospitali moja ya Massachusetts, kule Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Hakuwaomba wabadili dini. Na sisi vilevile: Mkatoliki abaki Mkatoliki, Mmethodisti abaki vile, Mwislamu aende ku msikiti wake. Mwenye kusali anajua ule ukimya mdogo mbele ya kusema neno la kwanza. Ni karibu na ule.

Namna ya kufanya

Mbele ya kuingia ku kazi. Kaa ndani ya gari ao simama pembeni ya mlango. Vuta pumzi ukihesabu mpaka 4, iachilie polepole ukihesabu mpaka 6. Kutoa pumzi polepole kunautuliza moyo. Fanya mara kumi. Halafu sikia miguu yako ndani ya viatu, angalia mikono yako, angalia mshipi, taa na kofia, kimoja kimoja. Kapita wa ekipi anaweza kuwapa watu wake dakika mbili za ukimya, hazitapunguza kazi. Lakini tusikosee: mu shimo lenye hewa mbaya hakuna zoezi la pumzi. Ukisikia kizunguzungu, toka na uwatoshe wenzako.

Ku nyumba. Mama hana haja ya kutafuta saa nyingine. Wakati anatwanga sombe, atwange sombe: asikie mti wa kutwangia mu mikono, harufu ya majani, sauti yake. Mawazo ya karo ya watoto yatakuja, maana hayakosi. Ayaone, arudi ku sombe. Karo haitalipwa kwa kuiwaza mara mia moja asubuhi moja. Itazungumzwa mangaribi, na bwana, na makuta juu ya meza.

Juu ya habari. Tuchague saa mbili za siku, asubuhi kisha kula na mangaribi mbele ya giza, na tusikilize redio inayosema nani amesema na wapi. Radio Okapi inatoa habari mu Kifaransa na mu lugha zetu 4, Kiswahili kikiwa ndani. Kisha kusikia, tunafunga. Telefoni isilale mu kitanda. Mega zinakwisha, usingizi unakwisha, na vita haitamalizika juu yako uliamka saa nane za usiku kuiangalia.

Na mbele ya kutuma sauti ya mtu ku kundi, tuulize mambo matatu: Nani anasema? Aliona kwa macho yake ao aliambiwa? Nikiituma, nani ataumia?

Hili swali la tatu si mchezo kwetu sisi watu wa Katanga. Wazee wanakumbuka 1992 na 1993. Maneno makali ya siasa yalianza ku mikutano, yakaingia mu viwanda, halafu mu lupango. Watu waliokula posho moja na kufanya kazi mu ekipi moja wakageukiana. Ku Likasi na ku Kolwezi, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa. Wazee, wamama na watoto walilala siku nyingi ku gare kungojea treni, na wengine walikufa. Siku zile hapakuwa WhatsApp. "Radio trottoir" peke yake ilitosha. Leo moto ule ule unaweza kupita mji mzima mbele maji ya bukari hayajachemka. Kidole kinachongoja kidogo, pumzi tatu tu, kinaweza kulinda nyumba ya jirani.

Kutulia ni kufanya nini

Kuna watu watatuambia: "Ninyi munataka tukae kimya, bakubwa bafanye vile banapenda." Hapana. Mishahara ikichelewa, iulizwe. Maji ya mto yakiharibika, yasemwe. Delege wa wafanyakazi yuko kwa kazi hiyo, na uchaguzi ukifika, kura ni yetu. Lakini tumeona mara ngapi mu mkutano: mwenye kutukana wa kwanza anatolewa inje, na shauri lake linatoka naye. Anayebaki, mwenye karatasi mkononi na sauti ya chini, huyo njo anasikilizwa, maana anakumbuka tarehe, anakumbuka hesabu, na hawezi kununuliwa kwa urahisi juu ya hasira yake.

Na furaha? Wengine wanaona haya kufurahi wakati ndugu wa Kivu wanalia. Tuwasaidie kwa kile tuko nacho, tuwapigie telefoni, tuwaombee. Lakini huzuni ya mtoto wetu hapa haitamshibisha mtoto wa kule. Siku ya posho, mpira upigwe. Mazembe na Lupopo wakikutana, tubishane mpaka sauti ikauke, na kisha tukunywe maji pamoja. Karindula ikilia mu mtaa, mzee achezeshe bega. Siku ya Mungu, korali iimbe. Mu ile saa, tuwe pale pale, macho yasiwe mu telefoni. Watoto wetu watakumbuka kama baba alicheka. Majina ya mawaziri watayasahau.

Kwa mtu mwingine pumzi peke yake haitoshi. Kama juma mbili ao tatu zinapita na usingizi haukuji, kama mtu hali, anatetemeka pasipo sababu, ao anasema heri kufa, asiachwe peke yake na asiambiwe kwamba amerogwa. Apelekwe kwa daktari, na mtu wa nyumba amsindikize.

Kwa wengine wote, tujaribu juma moja. Pumzi kumi mbele ya kazi. Habari mara mbili kwa siku. Sahani moja ya bukari iliwe pasipo telefoni pembeni, na watu wa nyumba wakiangaliana. Mambo ya Kinshasa na ya Goma hayatabadilika kwa lile juma. Lakini ku mgodi tutasikia udongo ukisema, na mangaribi, bibi akiuliza jambo, atapata bwana wa kumjibu.