Kuwatafuta Mababu wa Meru na Embu katika Kumbukumbu za Jeshi la Uingereza

Zipo familia za Meru na Embu ambazo husimulia habari za babu aliyekwenda "Keya" au "Kariakoo" asirejee. Makala haya yananuia kueleza jinsi kizazi cha leo kinavyoweza kumtafuta babu huyo katika kumbukumbu za jeshi la Uingereza.

Maneno hayo mawili ndiyo ufunguo wa kwanza. Keya linatokana na herufi K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918). Tofauti hii ni muhimu kwa sababu askari na mpagazi hawakuandikwa kwa uangalifu sawa.

Mpagazi alihesabiwa zaidi kuliko alivyotajwa. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Nairobi mwaka 1928 inamwonyesha, lakini haina jina la yeyote. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Basi familia inayokosa jina isihitimishe kwamba babu hakwenda.

Aliyekufa katika Vita vya Pili huweza kupatikana kwa urahisi zaidi. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliofia Burma bila kaburi linalojulikana wametajwa katika mnara wa Rangoon, ulioko Taukkyan. Wale wa kikosi cha mizinga cha 301 waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 wametajwa katika makaburi ya vita ya Nairobi. Orodha za Tume hiyo husomwa bila malipo katika intaneti. Shajara za vita, zilizohifadhiwa Kew, London, katika mafungu ya WO 95 kwa vita vya kwanza na WO 172 kwa Burma, hueleza kikosi kilikokwenda na siku kilipopigana, ingawa ni nadra kumtaja askari wa kawaida.

Kikwazo kikubwa ni jina lenyewe. Karani aliandika alivyosikia. M'Ikiara wa Meru huweza kuwa Mikiara au Ikiara. Nthiga wa Embu huweza kuwa Thiga. Mtafutaji hana budi kujaribu tahajia zote, kisha alinganishe jina la baba, wilaya na kikosi. Kwa Waembu, desturi ya kumpa mjukuu jina la babu husaidia. Kwa Wameru, jina la rika hukadiria umri.

Kwa hiyo utafiti huanzia nyumbani, si London. Mzee anayejua rika la marehemu, chifu aliyewatoa vijana, na jina alilojulikana nalo kijijini, ana maarifa ambayo hayamo katika jalada lolote. Taarifa za wilaya za Meru na Embu katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, zifuate baadaye. Nyaraka zitaendelea kungoja rafuni; wazee hawatangoja.