Kompyuta na Mbio za Magari katika Uhalisia Pepe

Mashindano ya magari yana historia ndefu katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally, na ambayo hapo mwanzoni yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Siku hizi kijana aliyeko Magu aweza kuendesha gari la mashindano pasipo kutoka chumbani, akiwa amevaa miwani ya uhalisia pepe, yaani miwani inayoonyesha kila jicho picha yake, hata mvaaji akajiona yumo ndani ya gari. Baadhi ya miwani hiyo ina kompyuta ndogo ndani yake, lakini michezo mizito ya mbio huhitaji kompyuta kubwa. Je, kompyuta aliyo nayo kijana huyo yatosha, au hana budi kuinunulia sehemu mpya? Fedha ya kununulia kitu kisichofaa ni fedha iliyopotea. Kwa hiyo yafaa kupima kwanza.

Ukubwa wa kazi

Picha ya kompyuta huundwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Kioo cha kawaida chenye pikseli 1,920 kwa 1,080 kina jumla ya pikseli 2,073,600. Kikionyesha picha 60 kwa sekunde, kompyuta hutengeneza pikseli milioni 124 hivi kila sekunde. Miwani ya Quest 2, iliyotolewa mwaka 2020, ina pikseli 1,832 kwa 1,920 kwa kila jicho. Kwa macho mawili na picha 90 kwa sekunde, hesabu hufikia pikseli milioni 633. Kazi imeongezeka mara tano, na muda wa kutengeneza kila picha umepungua kutoka milisekunde 16.7 hadi 11.1.

Madhara ya kuchelewa

Gari liendalo kilometa 180 kwa saa hupita meta 50 kila sekunde. Picha ikichelewa milisekunde 50, dereva huona mahali alipopita meta 2.5 nyuma. Zaidi ya hayo, mvaaji anapogeuza kichwa, sikio la ndani huuarifu ubongo kwamba kichwa kimegeuka. Picha isipogeuka papo hapo, macho hukanusha habari hiyo. Matokeo yake ni kizunguzungu na kichefuchefu, kama kwa msafiri wa mashua ziwani wakati wa mawimbi. Kompyuta yenye kasi hupunguza taabu hii, ila haiimalizi, kwa kuwa macho huona gari likikimbia ilhali mwili umetulia kitini. Anayeanza na acheze kwa vipindi vifupi.

Kupata sehemu inayokwamisha

Kazi hugawanywa kati ya sehemu mbili. Kichakataji kikuu hukokotoa mwendo wa gari, magurudumu na washindani; kadi ya michoro hutengeneza pikseli. Sehemu iliyo nzito ndiyo huamua mwendo wa zote mbili. Mkulima wa pamba wa Usukumani ajua kwamba shamba lililokosa mvua haliokolewi kwa mbolea.

Jaribio lake ni rahisi. Mchezo uendeshwe kwenye kioo cha kawaida, kikomo cha idadi ya picha kikiwa kimeondolewa, na idadi ya picha kwa sekunde iandikwe. Kisha pikseli zipunguzwe hadi 1,280 kwa 720, na kipimo kirudiwe. Picha zikiongezeka sana, kikwazo ni kadi ya michoro. Zisipoongezeka, kikwazo ni kichakataji, na kadi mpya haitasaidia.

Umeme na joto

Kadi ya GTX 1060 ya mwaka 2016 hutumia wati 120. RTX 3060 ya mwaka 2021 hutumia wati 170. Kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta sharti kiweze kubeba ongezeko hilo, ambalo karibu lote hugeuka joto. Tena, uso wa Ziwa Victoria uko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni hafifu kwa asilimia 10 hivi kuliko pwani. Feni ile ile huondoa joto kidogo zaidi. Kwa hiyo matundu ya hewa yasizibwe, na vumbi lisafishwe mara kwa mara.

Hivyo basi, kijana wa Magu apunguze kwanza ubora wa picha katika mchezo, jambo lisilo na gharama. Iwapo kompyuta bado haifikii picha 90 kwa sekunde, ndipo anunue ile sehemu moja ambayo jaribio limeionyesha kuwa kikwazo.