Mama wa Imam Shafii na deni la malezi



Ndugu Waislamu, zinapotajwa fadhila za mama, aghalabu fikra zetu huenda kwenye mimba na kunyonyesha. Hayo ndiyo yaliyotajwa katika Surat Luqman, aya ya 14, yakaambatanishwa na amri ya kuwashukuru wazazi. Lakini Surat Al-Israa, aya ya 24, inatufundisha kuwaombea rehema kwa kuwa walitulea tukiwa wadogo. Malezi nayo ni deni. Na katika malezi, lililo zito kulishukuru ni lile lililotuchosha: mama kututaka tuwe bora kuliko tulivyotaka wenyewe.

Tumtazame mama wa Imam Shafii. Mwanawe, Muhammad bin Idris, alizaliwa Ghaza mwaka 150 Hijria (767 Miladia), na baba yake akafariki yeye angali mchanga. Mjane huyo hakuwa na mali, na angeweza kuridhika mtoto apate riziki tu. Badala yake alifunga safari kumpeleka Makka, akiwa na umri wa miaka miwili hivi, isije nasaba yake ya Kikureshi ikapotea. Akamtia chuoni bila ya kuwa na ujira wa kumlipa mwalimu. Mwalimu akaridhika mtoto awasomeshe wenzake kila anapoondoka. Karatasi zilikuwa adimu, naye akaandika juu ya mifupa. Alihifadhi Qur'ani akiwa na miaka saba, na Muwatta ya Imam Malik akiwa na miaka kumi.

Mama huyo hakudai asilolijua. Inasimuliwa kwamba alipotoa ushahidi pamoja na mwanamke mwenziwe, kadhi wa Makka alitaka kuwatenganisha. Akamkumbusha aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, kwamba mmoja akikosea mwenziwe amkumbushe. Kadhi hakuwa na la kujibu. Leo Waislamu wengi wa pwani yetu, toka Lamu hadi Unguja, wanaswali kwa madhehebu ya mtoto wa mjane yule.

Mama wa Sufyan Thawri, mwanachuoni wa Kufa aliyefariki mwaka 161 Hijria, naye alimwambia mwanawe asome, yeye atamkimu kwa kusokota nyuzi. Lakini alimpa sharti: kila aandikapo hadithi kumi, ajitazame kama upole na heshima yake vimezidi. Ikiwa havikuzidi, elimu ile haimfai. Alichokitarajia ni tabia, si sifa za majirani. Na hakumtwika mwanawe mzigo ila naye alishika upande mmoja.

Ndugu msomaji, wako wenye vyeo leo ambao wakimtaja mama husema tu kwamba alikuwa mkali. Wajiulize ni nani aliyewaamsha alfajiri, na ni nani aliyeuza vitumbua ikapatikana ada. Mama aliye hai atembelewe na asikilizwe. Aliyefariki aombewe dua, atolewe sadaka, madeni yake yalipwe na rafiki zake waenziwe. Na shukrani iliyo kubwa ni sisi kuwa watu wale aliotaka tuwe.

Ewe Mola wetu, warehemu mama zetu kama walivyotulea udogoni. Amin.