Umeme wa Upepo na Umeme wa Atomi

Mji wa Kibaigwa umo katika Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Watu wa mbali huujua kwa sababu ya soko lake la mahindi. Wakati wa mavuno malori hujipanga huko kwa wingi, na magunia hupandishwa moja juu ya jingine hata yakawa kama vilima. Mahindi yana sifa moja njema: yakikaushwa vizuri na kukingwa na dumuzi, hungoja. Mwenye mahindi aweza kuyaweka ghalani mpaka bei ipande, kisha akayauza.

Umeme hauna sifa hiyo. Umeme uendeshao mashine ya kusaga unga hufanyizwa dakika ile ile unapotumika, haukai ghalani. Betri zipo, na bei yake imekuwa ikishuka, walakini kuweka akiba ya umeme wa kutosha mji mzima kwa siku nyingi kungali ni kazi ya gharama kubwa. Yafaa msomaji alishike neno hili, maana mabishano yote juu ya upepo na atomi yamejengwa juu yake.

Mashine ya kusaga haijui umeme wake umetoka wapi. Tanzania ina njia kuu za waya, ziitwazo Gridi ya Taifa, nazo hukusanya umeme wa mitambo mingi na kuugawanya mijini na vijijini. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme huo ilitoka katika maji ya mito. Bwawa moja lijulikanalo sana na watu wa nchi ya kati ni Mtera, katika Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Na maji yapitayo Mtera huteremka tena hata Kidatu, yakazungusha mitambo mingine. Mvua zilipokosekana, maji ya Mtera yalipungua mno, na mwaka 2006 umeme uligawanywa kwa zamu nchi nzima. Mwenye mashine alifungua mlango asubuhi akakuta waya zimekufa, na akina mama waliokuja na debe la mahindi kichwani wakarudi nalo vile vile.

Mwaka 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji uliwashwa, na mwaka 2025 yote tisa ikawa imekamilika, yenye nguvu za megawati 2,115 kwa jumla. Hiyo ni nguvu kubwa kuliko yote iliyopata kujengwa Tanzania. Hata hivyo watu huongezeka, viwanda huongezeka, nalo bwawa, hata likiwa kubwa namna gani, hutegemea mvua. Ndiyo sababu wenye kufikiri mambo ya mbele huuliza: Baada ya maji, ni nini? Na hapo ndipo watu hugawanyika, wengine wakisema upepo, wengine wakisema atomi.

Jambo la ajabu ni kwamba vitu vyote viwili vipo karibu na Dodoma. Upande wa magharibi ni Singida, ambako upepo huvuma kwa nguvu juu ya uwanda usio na miti mingi. Na katikati ya njia ya kwenda huko, katika nchi ya Bahi, na mbele kidogo Manyoni, wapimaji wa madini waliona urani ardhini, nayo urani ndiyo kuni za tanuri la atomi.

Mtambo wa upepo si kitu kigumu kukifahamu. Ni mnara mrefu wenye mapanga matatu juu yake. Upepo huyasukuma mapanga, mapanga huzungusha mhimili, na mhimili huzungusha jenereta, ndiyo ifanyayo umeme. Haunywi mafuta, hautoi moshi, wala hauhitaji maji. Bwana Poul la Cour, mwalimu wa shule moja ya Askov katika nchi ya Denmark, alifanya umeme kwa upepo tangu mwaka 1891, na leo zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark hutokana na upepo.

Lakini iko hesabu moja ambayo wengi hawaijui. Upepo ukiongeza mwendo wake mara mbili, nguvu zake hazizidi mara mbili tu, bali mara nane, yaani mbili mara mbili mara mbili. Na ukipungua nusu, hubaki sehemu moja tu katika nane. Fikiri mtambo mmoja wenye kilowati 850. Mashine ya kusaga ya kawaida hutaka kilowati 15 hivi, kwa hiyo mtambo huo ukipata upepo wa kuutosha sawasawa waweza kuendesha mashine zaidi ya hamsini. Upepo ukipungua nusu, nguvu hubaki kilowati mia na kidogo, ambazo huendesha mashine saba tu. Upepo ukilala, hapana hata moja. Kwa hiyo mtu hapimi upepo kwa kutazama vumbi linavyoruka njiani. Husimamishwa mnara wenye vikombe vidogo vinavyozunguka, na mwendo wa upepo huandikwa mchana na usiku, mwaka mzima au zaidi, kabla ya jiwe moja la msingi kuwekwa.

Mitambo ya namna hiyo hiyo ya kilowati 850 imesimama kwa wingi katika nchi ya Kenya, karibu na Ziwa Turkana, mahali ambapo upepo hupita kwa nguvu katikati ya milima kama hewa ya mvukuto. Ni mitambo 365, nayo kwa pamoja ina megawati 310. Ilifunguliwa rasmi Julai 2019. Lakini mitambo ilikuwa imekwisha kusimama tangu 2017. Iliyokosekana ni njia ya waya, kilomita zaidi ya mia nne mpaka Suswa, ambayo haikumalizika hata 2018. Upepo ukavuma bure, na serikali ikalazimika kulipa fidia kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Tanzania yenyewe ina mitambo michache ya upepo huko Mufindi, yenye megawati 2.4. Ule mradi mkubwa wa Singida, uliokusudiwa kuwa wa megawati 100, ulisemwa kwa zaidi ya miaka kumi pasipo mapanga yake kuonekana.

Watu wa upande wa atomi hujibu hivi: "Upepo ni mfanyakazi mwema, lakini haji kila siku, wala hasemi atakuja lini. Hospitali haiwezi kumwambia mgonjwa aliye mezani angoje upepo." Jibu hili si la kupuuzwa.

Nguvu za atomi hupatikana kwa njia nyingine kabisa. Kila kitu duniani kimefanyizwa kwa vipande vidogo mno viitwavyo atomi, na katikati ya kila atomi kuna kiini. Kiini cha urani ya namna fulani kikipigwa na chembe iitwayo nyutroni hupasuka, kikatoa joto jingi, na kutoa nyutroni nyingine mbili au tatu, nazo hupasua viini vingine, na hivyo hivyo kama moto upitao katika nyasi kavu. Katika tanuri la atomi moto huu huzuiwa usizidi kiasi, kwa vijiti vinavyomeza nyutroni. Joto huchemsha maji, mvuke huzungusha gurudumu la mapanga, na gurudumu huzungusha jenereta. Ajabu yake ni wingi wa nguvu katika kitu kidogo: kidonge kimoja cha kuni hizo, kisichozidi ncha ya kidole, hutoa joto kama la tani moja ya makaa ya mawe. Na tanuri likiisha kuwashwa huweza kufanya kazi mwaka mzima, usiku na mchana, kiangazi na masika, bila kupumzika. Ufaransa hupata kama sehemu mbili katika tatu za umeme wake kwa njia hii. Katika Afrika, Koeberg karibu na Cape Town imefanya umeme wa atomi tangu 1984 kwa matanuri mawili, na Misri ilianza kujenga yake huko El Dabaa mwaka 2022.

Wasikiapo neno atomi, watu wengi hukumbuka bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945, ambalo urani yake nyingi ilichimbwa Shinkolobwe, katika nchi ya Kongo. Lakini tanuri la umeme haliwezi kulipuka kama bomu lile, kwa kuwa kuni zake hazikukolezwa kiasi hicho. Hatari yake ni nyingine: likikosa maji ya kulipoza huyeyuka, na sumu isiyoonekana wala kunuka hutoka. Ndivyo ilivyokuwa Fukushima, Japani, mwaka 2011, bahari ilipofurika ikazima pampu. Na kabla yake, mwaka 1986, tanuri la Chernobyl lilipasuka kwa makosa ya ujenzi na ya waendeshaji, na miji mizima ikahamwa. Misiba hiyo ni michache, na moshi wa makaa ya mawe umeua watu wengi zaidi kimya kimya. Walakini mtu aliyehamishwa katika shamba la baba yake hafarijiwi na hesabu.

Tena kuna majivu. Kuni za atomi zikiisha kutumika hubaki na sumu kwa maelfu ya miaka. Finland imechimba mahandaki katika mwamba wa Olkiluoto, mita zaidi ya mia nne kwenda chini, ili kuzizika huko. Nchi nyingine nyingi zingali zinaziweka kando ya matanuri yenyewe, zikitafuta mahali.

Lililo gumu kwa nchi kama Tanzania, hata kuliko hofu, ni fedha na muda. Misri ilikubali mkopo wa dola bilioni 25 kutoka Urusi kwa ajili ya El Dabaa. Na hata wajuzi hukawia: tanuri jipya la Flamanville, Ufaransa, lilianza kujengwa 2007, likaunganishwa na waya Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa siku ya msingi wake alikuwa amekaribia kuwa mtu mzima. Mitambo ya upepo hujengwa kwa miaka miwili au mitatu, na hata kabla yote haijaisha, ile iliyosimama yaweza kuanza kazi. Tena tanuri hutaka maji mengi ya kulipoza, na nchi ya Ugogo haina. Kweli, kituo cha Palo Verde katika jangwa la Arizona, Marekani, hupozwa kwa maji machafu ya miji yaliyosafishwa. Lakini kwanza yapaswa kuwapo miji yenye maji mengi ya kumwaga.

Kwa hiyo neno la wale wa atomi juu ya upepo usiotabirika ni kweli, lakini Tanzania ina dawa yake tayari. Upepo wa kusi huvuma sana wakati wa kiangazi, ndio wakati ambapo mito hupungua. Upepo ukivuma Singida, wasimamizi wa gridi waweza kupunguza maji yanayofunguliwa Mtera na Rufiji. Upepo ukilala, wakayafungua. Umeme wenyewe hauwekwi ghalani, lakini maji huwekwa, na bwawa likawa ghala la upepo. Denmark hufaidiwa vivyo hivyo na mabwawa ya jirani yake Norway. Nchi isiyo na mabwawa wala upepo mwema ina sababu kubwa zaidi ya kutafuta atomi. Tanzania yaweza kwanza kutumia ilivyo navyo, huku vijana wake wakijifunza elimu ya atomi, ambayo hata hivyo hutumika hospitalini katika kutibu saratani.

Lakini upepo nao si wa bure kama unavyosemwa, kwa maana minara husimama juu ya ardhi, na ardhi ina watu. Mwaka 2021 mahakama ya Meru ilihukumu kwamba hati za ardhi ya mitambo ya Turkana zilipatikana kinyume cha sheria, kwa kuwa wafugaji wenye malisho hayo hawakushirikishwa inavyotakiwa. Upande wa atomi mambo yalikuwa hayo hayo: ilipokusudiwa kujenga tanuri Uyombo, katika pwani ya Kilifi, wavuvi na wenyeji walisimama kupinga mwaka 2024, wakihofia bahari yao, na baadaye wakuu wakageukia Siaya, kando ya Ziwa Viktoria.

Na urani ni hivyo hivyo, hata kabla ya kufika tanurini. Huko Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mpaka wa hifadhi ya Selous ulibadilishwa mwaka 2012 ili kutoa nafasi ya mgodi, na kiwanda cha majaribio kikazinduliwa mwaka 2025. Bahi ni nchi ya mbuga. Watu hulima mpunga, huvua samaki maji yakijaa, na hunywesha ng'ombe. Wapimaji walipofika na mashine zao za kutoboa ardhi, wenyeji waliuliza maji ya mbuga yatakuwaje mgodi ukifunguliwa, na mashamba ya mpunga yatahamia wapi. Mgodi haukufunguliwa huko, na mpunga wa Bahi hupandwa kila masika juu ya ardhi ile ile.