Gari Hupanda Mlima, Lakini Jiko Lisiingie Hemani

Inapofika mwezi wa Julai, wakazi wa Nairobi hujikunyata ndani ya makoti na kuilaani baridi. Lakini wapo watu ambao, badala ya kuikimbia, huifuata huko iliko. Hupakia mahema, mablanketi na vyakula katika magari yavutayo kwa magurudumu yote manne, wakaenda kulala siku mbili tatu juu ya milima ya Nyandarua, ambayo ramani nyingi huiita Aberdare. Msomaji huenda akadhani kwamba starehe hiyo haiwahusu watu wa Kawangware na Kibera. Kumbe safari niliyopata kuifuata mimi ilitengenezwa huko huko, na waliotuwezesha kurudi salama walitoka huko huko.

Matayarisho yalianza Kawangware, kando ya Barabara ya Naivasha, kwa fundi ambaye gereji yake ni kivuli cha mti na shimo alilolichimba mwenyewe. Alishinda asubuhi nzima chini ya Land Rover akipima oili, akigusa springi na kukaza nati moja moja. "Gari halifi mlimani," aliniambia huku akifuta mikono. "Hufa hapa hapa, siku ile mwenyewe anaposema kelele hiyo si kitu." Kabla hatujaondoka alitupakilia koleo, kamba nene na mbao mbili. Wageni waliokodi magari walizicheka mbao hizo.

Kutoka hapo tulipitia soko la Toi, mpakani mwa Kibera, ambako makoti mazito ya mitumba hununuliwa kwa bei ya mtu wa kawaida. Hapo ndipo alipotungojea mpishi wetu, mzee wa Kinubi, mzaliwa wa Kibera. Alikuwa na sufuria ya maharagwe yaliyokwisha kuiva. Nilipomwuliza kwa nini hakungoja kuyapika huko twendako, alicheka. "Mwanangu, kule juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha." Maneno yake yalikuwa kweli tupu: katika kimo cha mita 3,000 maji huchemka kwa nyuzi 90 hivi badala ya 100, na maharagwe makavu yatamkesha mtu.

Tulipita Limuru, tukateremka Bonde la Ufa mpaka Naivasha, kisha tukapanda tena kwa upande wa Kinangop hadi lango la Mutubio. Hapo huanza hifadhi ya taifa iliyoundwa mwaka 1950. Ukiiacha misitu ya mianzi, unatokea kwenye nyanda za juu zenye nyasi za mafungu mafungu na ukungu usiokwisha. Kilele kirefu kuliko vyote, Lesatima, ni cha mita 4,000 hivi, na maporomoko ya Karuru huanguka zaidi ya mita 270 kwa ngazi tatu. Maji ya mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, yanayonywewa Nairobi, hutoka katika milima hii. Mama anayenunua mtungi wa maji Kibera ana sehemu yake katika ukungu ule.

Njia zenyewe ni za udongo, na mvua ya rasharasha huzigeuza kuwa sabuni. Dereva wetu alipunguza upepo wa magurudumu ili yatandazike na kushika ardhi, akatia gia ndogo, akaenda polepole bila kugusa breki mteremkoni. Gari la pili liliendeshwa kwa pupa, likazama mpaka ekseli. Kadiri lilivyozidi kukanyagiwa mafuta ndivyo lilivyozidi kujichimbia kaburi. Tulichimba kwa koleo, tukaziweka zile mbao mbili mbele ya magurudumu, likatoka. Hakuna aliyezicheka tena.

Usiku ndipo ilipokuja kazi. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo mtu aliyelalamika Nairobi ajue kwamba huko atatetemeka. Mgeni mmoja, aliyekuwa na mke na mtoto mdogo, alimwamuru mpishi aliingize jiko la makaa ndani ya hema na kufunga mlango. Mzee alikataa. Yule bwana akamkumbusha ni nani anayelipa.

"Pesa zako nitakurudishia, bwana," alisema mzee kwa sauti ya chini, "lakini moto huu hauingii humo." Kisha akatusimulia jinsi yeye na majirani walivyovunja mlango wa chumba kimoja Kibera, asubuhi ya baridi kama ile, wakawatoa mama na mwanawe wamelala na wasiamke. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, na majivu yake yangali na joto.

Mgeni alinyamaza. Mzee alichemsha maji, akayatia katika chupa, akazifunga kwa vitambaa na kumpa mtoto azikumbatie. Walilala watatu chini ya mablanketi yote tuliyokuwa nayo. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, na yule bwana, ambaye jana alimwita mzee "wewe mpishi", alimwendea kwenye chai na kumwambia "Shikamoo". Malipo yake alipewa kamili.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni ndiye aliyeponywa na mwenyeji.

Makaa yanapoungua mahali pasipopitisha hewa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, mtu akaumwa kichwa, akapata kizunguzungu na kulegea, naye hudhani ni usingizi tu. Jiko lisilotoa moshi si salama kwa sababu hiyo. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa safi na umpeleke hospitali upesi.

Chumba cha mabati cha Kawangware kilichozibwa nyufa zake kwa magunia hakina tofauti na hema lililofungwa mlimani. Basi, ndugu msomaji, uwe unakwenda Nyandarua kwa gari la fahari au unalala kwako Gatina, ota moto nje, kisha uliache jiko huko huko nje uingie kulala.