Khabari za Wazee Wetu: Mfano wa Rungwe



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza nanyi juu ya miche, uchumaji, na uanikaji ulio safi. Leo tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya zao la namna nyingine, lisiloanikwa juu ya jamvi wala kupelekwa mizani. Zao hilo ni khabari za wazee wetu.

Kilichotuamsha ni jambo dogo. Mwanachama mmoja alikuja kutuuliza, babu yake alianza mwaka gani kuuza karafuu. Tukaona ni swali jepesi, tukaenda kutafuta daftari la zamani la mizani. Daftari tulilipata, lakini mchwa walikuwa wametutangulia. Jalada lilikuwa zima, na ndani yake vumbi tupu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila khabari. Siku zote methali hiyo tumeisema kwa ajili ya fedha. Siku ile tuliona haya, kwa kuwa tulifahamu kuwa inahusu na watu pia.

Basi yafaa tutazame wenzetu wakulima wa mahali pengine, tuone khabari zao zimewekwa vipi. Tumechagua Rungwe, huko bara.

Mji mkubwa wa Rungwe ni Tukuyu, ulio juu ya vilima kusini ya Mbeya, mwendo wa kilomita 70 hivi kwa njia ya gari. Ni nchi ya mvua nyingi na baridi, chini ya mlima Rungwe ambao urefu wake unakaribia mita 3,000. Wenyeji wake ni Wanyakyusa. Chakula chao kikubwa ni ndizi, na mazao yao ya biashara ni kahawa na chai. Kwa hivyo wao, kama sisi, ni watu wanaoishi kwa kungojea mti utoe.

Watu wa Rungwe si watu wasioandikwa. Mwaka 1891 wamisheni wa Kimoravian walifika huko, mkubwa wao akiwa Theodor Meyer, wakajenga kituo chini ya mlima. Waliandika barua na taarifa nyingi kupeleka kwao. Meyer mwenyewe aliandika juu ya desturi za watu aliowakuta, na maandiko yake yalipigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1989. Serikali ya Wajerumani nayo ilijenga boma hapo Tukuyu na kupaita Neu-Langenburg, mpaka majeshi ya Waingereza yalipoingia kutoka Nyasaland mwezi wa Mei 1916. Waingereza wakaanzisha kitabu cha wilaya, wakawa wanaandika humo mambo ya machifu, mipaka na mila. Tena baina ya mwaka 1934 na 1938 walikuja wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, wakakaa na watu, wakajifunza lugha, wakajaza madaftari. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica aliendelea, akatoa kitabu cha kwanza juu ya watu hao mwaka 1951 na vingine baada yake.

Hapo mtasema, basi Rungwe wamebahatika. Ni kweli, lakini tuulize karatasi hizo ziko wapi. Nyaraka za Wamoravian ziko Herrnhut, Ujerumani. Kitabu cha wilaya kimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Madaftari ya akina Wilson yako katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika ya Kusini. Mjukuu wa Rungwe akitaka kusoma maneno ya babu yake, hapana budi awe na nauli, na ajue Kijerumani au Kiingereza. Wala umbali si usalama. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulitoka mlimani ukaingia katika chuo hicho cha Cape Town, ukateketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger pamoja na vitabu vingi vya mambo ya Afrika. Kitu kilichowekwa mahali pamoja tu, hata pawe pazuri namna gani, kimewekwa kwenye bahati.

Tena liko jambo la pili. Akina Wilson hawakufanya kazi peke yao. Walikuwa na wasaidizi wenyeji, mmoja wao akiitwa Leonard Mwaisumo, waliofasiri maneno, waliouliza wazee na kuandika. Juu ya majalada ya vitabu vile majina yao hayamo. Mwaka 2013 ndipo kilipotoka kitabu kinachoeleza kwa urefu kazi ya Monica Wilson na wakalimani wake. Ndiyo kusema, mtu aweza kusaidia kuandika historia ya kwao, na yeye mwenyewe akasahauliwa.

Na jambo la tatu ni kuwa si kila khabari imo katika karatasi. Desturi ya zamani ya Wanyakyusa ilikuwa vijana wa rika moja kuondoka kwa wazazi wao na kujenga kijiji chao, wakaishi pamoja mpaka uzeeni. Na wakati wa wana wa malafyale, yaani chifu, kushika nchi, ilifanywa sherehe kubwa na miti ikapandwa. Basi kwa mzee anayejua, mti ule ni daftari. Humwambia nani alishika nchi, na rika gani lilikuwa limekua. Kwa asiyejua, ni kuni. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilipofuta utawala wa machifu, miti haikung'olewa, lakini watu waliokuwa na wajibu wa kuikumbuka walipungua. Khabari ya namna hii haimo Herrnhut wala Cape Town. Imo vinywani mwa watu, na wanaoijua wanapungua kila mwaka.

Hapo ndipo tunapoona faida ya chama cha historia cha mahali. Si lazima kiwe na jumba wala mshahara. Kazi yake ni nne, nasi tutazieleza moja moja.

Kwanza, kusikiliza. Waende watu wawili, mmoja aulize na mmoja aandike. Wapige hodi, wamwamkie mzee kwa adabu, wamweleze wanachotaka, na wakikatazwa waondoke kwa amani. Wasimkatize. Aandikwe jina lake, mahali na tarehe, kama atakavyo mwenyewe.

Pili, kupima miaka. Mzee hasemi "mwaka 1916." Husema, "mwaka walioondoka Wajerumani." Kwa hivyo chama kitengeneze orodha ya mambo makubwa yenye miaka inayojulikana, kisha kila khabari ipachikwe mahali pake.

Tatu, kulinganisha. Wazee wawili wakitofautiana, asifutwe mmoja. Yaandikwe maneno ya wote wawili. Sisi tunajua kuchambua karafuu na makonyo, lakini makonyo hatuyatupi, kwa kuwa nayo hutoa mafuta. Hata maneno yanayoonekana kuwa na kosa yana mafuta yake.

Nne, kuweka na kurudisha. Zifanywe nakala tatu: moja ibaki kijijini, moja iende skuli, moja ipelekwe Nyaraka za Taifa. Kisha khabari zisomwe mbele ya watu waliozitoa, kwa lugha yao, ili wasahihishe.

Mambo haya yamekwisha jaribiwa katika nchi yetu. Mathias Mnyampala aliandika kwa Kiswahili historia na desturi za Wagogo, watu wake mwenyewe. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee juu ya vita vya Maji Maji, na mengi waliyoyaandika yasingepatikana tena leo.

Sasa turudi visiwani kwetu. Mikarafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mwezi wa Aprili 1872 dhoruba iliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Mambo hayo yamo vitabuni. Lakini nani ataandika shamba gani lilipandwa upya, na kwa mikono ya nani?

Hapa tuseme bila kuficha. Katika wanachama wetu wako ambao babu zao walikuwa na mashamba. Wako ambao babu zao waliyapanda mashamba hayo hali ya kuwa ni watumwa, mpaka sheria ya mwaka 1897 ilipotangaza mwisho wa utumwa Unguja na Pemba. Na wako ambao wazee wao walipewa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964. Tukiandika khabari za kundi moja tu, tutakuwa tumefanya kosa lile lile la majalada yasiyo na majina ya wasaidizi. Aliyeumiliki mti ana khabari zake, aliyeupanda ana zake, na mama aliyekaa uani akichambua mpaka usiku ana zake. Daftari litakaloacha mmoja wao si daftari la chama hiki.

Kwa hivyo tunaomba mambo mawili kwenu. La kwanza, mwenye karatasi ya zamani, stakabadhi, picha au barua, asiitupe wala asiifungie karanga. Ailete tuifanyie nakala, na yenyewe arudi nayo nyumbani. La pili, kila tawi lichague watu wawili, mmoja mzee na mmoja kijana anayeandika vizuri, waanze kuuliza baada ya mavuno, wakati watu wana nafasi ya kukaa barazani. Waanze na wazee walio wakubwa kabisa, kwa sababu hao hawawezi kungoja msimu mwingine.

Na yule mwanachama aliyekuja kuuliza juu ya babu yake, hatukuweza kumjibu. Tulimwomba radhi. Hatupendi mjukuu wake naye aje siku moja kuuliza juu yake, akaonyeshwa vumbi.