Jua Soko Kabla ya Kurekodi: Uchumi wa Albamu Huru ya Hip-hop Rusizi

Samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa katika Ziwa Kivu huitwa sambaza, na jina hilo ni somo tosha la biashara. Sambaza akitoka majini hana muda. Asipofika sokoni Kamembe au ng'ambo ya Mto Rusizi, Bukavu, au asipoanikwa juani mapema, hasara ni ya aliyemvua. Albamu ya hip-hop nayo huharibika vivyo hivyo. Msanii akimaliza akiba yake studio, siku ya kuitoa albamu anabaki hana hata faranga ya kuitembeza, na kazi ya mwaka mzima inachacha ndani ya simu yake.

Kwa msanii wa Cyangugu, mji wa wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, hesabu ni nzito zaidi. Kigali, penye redio kubwa, wadhamini na kumbi, iko karibu saa 6 kwa basi kupitia msitu wa Nyungwe. Wilaya nzima ya Rusizi ilikuwa na watu wapatao 485,000 katika sensa ya 2022. Bukavu, jiji la Kongo lenye watu wengi kuliko wilaya yote hiyo, liko upande wa pili wa daraja.

Mdhamini huondoka, masta hubaki

Hip-hop ya Rwanda imewahi kuishi kwa fedha za bia. Kuanzia 2011 hadi 2018, shindano la Primus Guma Guma Super Star, lenye jina la bia iliyolidhamini, liliwazungusha wasanii mikoani. Riderman alilishinda mwaka 2013, na Jay Polly wa kundi la Tuff Gang akalishinda 2014. Mashindano yakakoma, na fungu lile likakauka. Riderman alikuwa ameshajenga lebo yake, Ibisumizi. Mwaka 2024 yeye na rapa mwenzake Bull Dogg walitoa albamu ya pamoja, Icyumba cy'Amategeko, zaidi ya miaka kumi baada ya ushindi wake. Udhamini ni mvua ya msimu. Kinachomlisha msanii wakati wa kiangazi ni masta, yaani rekodi za nyimbo anazozimiliki mwenyewe.

Uingereza inathibitisha hilo kwa kiwango kikubwa. Rapa Skepta na mdogo wake Jme walijenga lebo ya Boy Better Know kwa kuuza rekodi na fulana zao wenyewe, na mwaka 2016 albamu ya Skepta, Konnichiwa, ikatwaa Tuzo ya Mercury. Little Simz, anayetoa kazi kupitia lebo yake ya Age 101, aliitwaa tuzo hiyo 2022. Lakini mwaka huohuo alifuta ziara yake ya Marekani akieleza kwamba, akiwa msanii huru anayejilipia kila kitu, ingemwacha na hasara kubwa. Kama msanii wa hadhi hiyo anapiga hesabu na kusema hapana, kijana wa Kamembe asione aibu kufuta shoo isiyolipa nauli.

Hesabu za mtandaoni

Spotify ilifika Rwanda mwaka 2021, na kabla mwaka haujaisha ikafika Kongo pia. Kwa makadirio yanayotajwa sana katika tasnia, wimbo ukisikilizwa mara 1,000 huleta kama dola 3 hadi 5, na wasikilizaji wasiolipia huleta pungufu ya hapo. Tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi kabisa na Spotify. Kwa hiyo albamu ya nyimbo 14, ambayo nyimbo 3 tu ndizo zinavuka kiwango hicho, ina nyimbo 11 zilizolipiwa studio na zisizorudisha kitu. Kwa msanii anayeanza, nyimbo 5 au 6 zilizotengewa fedha za promosheni zina faida kuliko 14 zilizoachwa yatima.

Linganisha na mauzo ya moja kwa moja. Kwenye Bandcamp, albamu ya kidijitali ya dola 10 humwachia msanii dola 8.50 kabla ya gharama za malipo, kwa kuwa mtandao huo hukata asilimia 15. Kiasi hicho ni sawa na kusikilizwa mara 1,700 hadi 2,800 kwenye Spotify. Mnunuzi mmoja Brussels au London mwenye asili ya Rusizi au Bukavu ana uzito wa mamia ya wapita njia. Msanii na awatafute hao kwa majina, mmoja mmoja.

Daraja na lugha

Kinyarwanda kinampeleka msanii Kigali. Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kinamvusha mto hadi Bukavu, kisha Goma, Bujumbura na Kigoma. Ubeti mmoja wa Kiswahili au kolabo na rapa wa Bukavu hugharimu kidogo kuliko video, na hufungua mlango kwenye redio za ng'ambo.

Lakini soko la mpakani lina hatari zake. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na njia ya Bugarama kwenda Bujumbura ikakatika. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Anayetegemea shoo za upande mmoja tu anaweza kuamka asubuhi akakuta mapato yake yote yamefungiwa nyuma ya kizuizi. Busara ni kuwa na mguu kila upande: nyimbo mtandaoni, shoo Rusizi, na fulana zinazoweza kuuzwa popote.

Karatasi kabla ya kipaza sauti

Hasara kubwa kuliko zote huanzia kwenye biti. Biti ya kukodi mtandaoni ni rahisi, lakini leseni yake mara nyingi huweka kikomo cha usikilizwaji, na biti hiyohiyo hukodishwa kwa wengine kumi. Wimbo ukipaa, msanii hawezi kudai sauti hiyo kuwa yake peke yake. Heri prodyuza wa mtaani, na karatasi moja iliyosainiwa inayosema nani anamiliki masta, nani ametunga na kila mmoja anapata asilimia ngapi. Rwanda ina sheria ya miliki bunifu, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB) husajili kampuni na haki za kazi hizo, na chama cha watunzi, RSAU, hukusanya mirabaha yao. Bila karatasi ile, milango yote hiyo inabishwa bure.

Ushauri wangu kwa vijana wa Kamembe ni huu: gawa bajeti nusu kwa nusu kabla ya kuingia studio, na nusu ya pili usiiguse hadi siku ya kutoa kazi. Nusu hiyo ni ya nauli ya Kigali, fulana, tangazo la redio na kibali cha kuvuka daraja. Mama anayeuza sambaza hajazi ndoo kisha akaanza kuuliza soko liko wapi. Anatoka nyumbani akijua anakokwenda, na samaki wanafika wangali wabichi.